Makaburi ya vita barabara ya Bagamoyo: nataka kumpeleka mzee akamtafute babu yake

Binti Matombo

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada kwa yeyote anayeyafahamu vizuri yale makaburi ya vita ya barabara ya Bagamoyo, yale yenye nyasi zilizokatwa vizuri na mawe yamepangwa mistari, wengi tunayapita tu na daladala hatujui hata waliolala pale ni kina nani.

Iko hivi. Baba yangu mkubwa anakuja Dar mwezi ujao kwa ajili ya kliniki ya macho. Ni mtu mzima sana sa hivi, anaishi kwetu Matombo, Morogoro vijijini. Toka tukiwa wadogo anatuhadithia babu yake alivyochukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza kwenye vita ya Mjerumani, yani Mjerumani alishakimbia Morogoro, Mwingereza akaingia, watu wakapita vijijini kukusanya wanaume, babu na wenzie wakaondoka kuelekea Duthumi na Rufiji na ndo ikawa basi. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna aliyekuja kusema fulani kafia mahali fulani. Mke wake akasubiri mavuno yakapita, yakapita tena, mpaka wazee wakaamua matanga yawekwe bila mwili, wakazika nguo yake na jembe lake. Baba mkubwa amekua anaonyeshwa lile kaburi la nguo.

Sasa kuna mtu kamwambia kwamba Dar kuna makaburi ya waliokufa vita ile na majina yamechongwa kwenye mawe. Toka siku hiyo mzee hana raha, kila akipiga simu ni hilo hilo, "mwanangu utanipeleka lini kwa babu". Kwa hiyo nauliza, kuingia pale ni bure au mpaka kibali cha ubalozi, picha wanaruhusu, mzee anayetembelea fimbo ataweza kuzunguka, na kubwa kuliko yote kuna uwezekano wowote wa kulikuta jina la mchukuzi wa Kiluguru pale? Naomba mniambie ukweli tu, sitaki nimpandishe matumaini halafu akafike pale aumie upya.

---

Kinondoni Mkongwe

Dada karibu, mimi ni mwenyeji wa hayo maeneo toka utoto na huwa naingia pale nikipata nafasi kwa sababu ni sehemu imetulia na mji wote umejaa kelele.

Kuingia ni bure, huhitaji kibali cha mtu. Ni kama kilomita tano hivi kutoka mjini kati. Chukua bajaji kwa ajili ya mzee usimpandishe bodaboda, na mwelekeze dereva vizuri kwamba ni makaburi ya VITA barabara ya Bagamoyo, maana ukisema makaburini tu, wewe uko upande huu wa mji, atakupeleka Kinondoni makaburini moja kwa moja na hapo mtakuwa mmepoteza asubuhi nzima kwenye foleni.

Nendeni mapema kabla jua halijakolea. Chini ni nyasi, tambarare, fimbo haisumbui, ila mvua ikinyesha ardhi inakuwa laini kidogo. Beba kigoda au kiti cha kukunja, maji na kofia. Picha za simu mimi sijawahi kuzuiwa, ila ukienda na kamera kubwa ya video muombe ruhusa anayekuwepo pale, ni ustaarabu tu. Na msalimie mtunza bustani, wale watu wanayajua yale mawe kwa mstari na wanaweza kukupeleka sehemu unayoitaka badala ya mzee kuzunguka eneo zima.

Jiwe lina namba ya askari, cheo, jina, kikosi na tarehe aliyokufa, pamoja na alama ya dini yake. Yote yana saizi moja, awe afisa awe askari wa kawaida, huo ndo utaratibu wa tume inayoyatunza, dunia nzima. Kuhusu swali la jina la babu mwachie Mwalimu Kivule, nimeona yupo online.

---

Mwalimu Kivule

Nipo. Binti Matombo pole, na hongera kwa kumjali mzee. Umeomba ukweli, basi nakupa wote hata kama ni mrefu: uwezekano wa kulikuta jina la babu huyo pale ni mdogo sana, na sababu sio kwamba karatasi zimeliwa na mchwa, mambo yalipangwa hivyo toka mwanzo.

Tuanze na pale penyewe. Lile eneo sio la enzi za vita, limeanzishwa 1968. Kabla ya hapo makaburi yalikuwa Ocean Road, 660 ya vita ya kwanza ya dunia, ikabidi yahamishwe kupisha ujenzi wa barabara mpya. Sasa sikiliza vizuri hapa. Zile sehemu walizokuwa wamezikwa Waafrika Wakristo, Waislamu, na wale wasiokuwa Wakristo, hazikuwa na alama ya mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo walipohamishwa wakazikwa upya kwa pamoja, na kila kaburi la pamoja likajengewa ukuta wa kumbukumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 70 yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka mikoani, sehemu ambazo matunzo yalikuwa hayana uhakika tena. Leo pale kuna watu 1,764 wa vita ya kwanza, 60 kati yao hawajatambulika, na 41 wa vita ya pili.

Halafu mle ndani kuna kumbukumbu nyingine yenye majina mengi, ambayo mzee lazima atavutwa nayo akifika. Ina majina zaidi ya 1,500 ya maafisa na askari waliokufa Afrika Mashariki kuanzia Januari 1917 na hawana kaburi linalojulikana. Waliokufa kabla ya hapo wameandikwa Nairobi. Wewe ukisikia hivyo utasema si ndo huyu huyu babu yetu, kafa 1917, hana kaburi, kila kitu kinaendana. Hapana. Ile ni ya Waingereza na Wahindi. Mwafrika aliyefia njia ile ile, wiki ile ile, pengine amebeba mzigo wa yule yule aliyeandikwa, hakuwekwa pale. Yeye kumbukumbu yake ni Sanamu ya Askari pale barabara ya Samora mjini, wote kwa pamoja, bila jina hata moja.

Na hawa hawakuwa wachache. Vita ile ilipiganwa kwa mabega ya watu. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi kwa maelfu, barabara hakuna, masika ikija magari yanazama, kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi likawekwa kichwani kwa mtu. Njia ya babu yenu inajulikana, mizigo ilishushwa stesheni ya Mikese ikapelekwa Duthumi mpaka Rufiji, na masika ya 1917 kule yalikuwa ya mafuriko. Upande wa Waingereza peke yake wachukuzi waliochukuliwa eneo zima la vita wanakadiriwa kufika kama milioni moja, na waliokufa kwa hesabu rasmi ni zaidi ya 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, njaa. Wanapewa unga au nafaka ambayo matumbo yao hayajaizoea, kuni mbichi, sufuria hakuna, muda wa kupika hakuna, chakula kinaliwa nusu kibichi na mtu anaamka alfajiri kubeba tena. Maelfu ya askari wazungu wa Afrika Kusini waliondolewa mwishoni mwa 1916 kwa sababu ya maradhi wakarudishwa kwao, mchukuzi hakuwa na meli ya kumrudisha. Hata mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao mpaka leo.

Hayo sisemi kwa hasira za kijiweni. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hao hao wanaotunza pale, walitoa ripoti Aprili 2021 wakakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Walikiri pia kwamba ubaguzi wa wakati ule ulichangia. Toka hapo wameanza kutafuta majina kwenye nyaraka za nchi mbalimbali, na Januari 2025 Cape Town imefunguliwa kumbukumbu mpya yenye majina zaidi ya 1,700 ya watu weusi wa Afrika Kusini waliotumika kama vibarua na wachukuzi wa jeshi. Kwa hiyo mlango haujafungwa, ila kwa leo usimwambie mzee kwamba mnakwenda kusoma jina. Mwambie mnakwenda kwenye kaburi la pamoja la wenzie babu. Mpeleke kwenye zile kuta, sio kwenye mistari ya mbele.

---

Mtoto wa Gerezani

Mwalimu nimesoma yote na nimeumia. Ila naomba niseme langu kwa heshima. Kwanini sasa tumchoshe mzee wa watu kwenda kusimama kwenye bustani ya Mwingereza aliyemfuata babu yake shambani? Hao waliolala pale na mawe yao ndo waliokuwa wanabebewa. Na majeshi hayo yote mawili, la Mjerumani na la Mwingereza, yalibeba chakula cha wananchi na ng'ombe wao mpaka Ugogo ikaja ile njaa kubwa ya Mtunya, watu walikufa vijiji kwa vijiji, nao hawana hata ukuta. Mimi ningekuwa wewe dada ningempeleka Kariakoo tu. Pale ndo palikuwa kambi ya wachukuzi wa Mwingereza, Carrier Corps, na jina limebaki mpaka leo, simama naye mtaani mwambie baba mkubwa, hapa ndo walipokuwa wanakusanywa wenzie na babu. Inatosha.

---

Binti Matombo

Kaka nimekuelewa kabisa na huna kosa. Lakini anayetaka kwenda ni yeye, sio mimi. Nikimwambia baba mkubwa kwamba kule ni kwa Mwingereza atanijibu na Mwingereza ndo alimchukua, sasa nikamuulize nani. Hatuendi kumshukuru mtu. Tunaenda kumtafuta wa kwetu. Na Kariakoo mzee hawezi, ule msongamano na macho yale nitampoteza.

Mwalimu asante sana, nimemsomea mama maelezo yako yote. Ile sehemu ya chakula kibichi mama ameniambia bibi zao walikuwa wanaisimulia hivyo hivyo, kwamba aliyerudi mmoja wa kijiji alikuwa hawezi tena kula ugali, tumbo limeharibika moja kwa moja.

---

Mjukuu wa Efendi

Uzi mzuri huu, ngoja na mimi niweke la upande wa pili maana huwa linasahaulika. Kwetu babu mzaa babu alikuwa askari wa MJERUMANI. Kwenye vita ile Waafrika walikuwa pande zote mbili. Vita ilipoanza 1914 Mjerumani alikuwa na Wajerumani wenzie mia mbili na kitu tu na askari weusi kama 2,500, ndo hao waliowapiga Waingereza na Wahindi Tanga Novemba 1914, na waliopigana Mahiwa kule Lindi Oktoba 1917 mpaka pande zote zikabaki hoi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, kusalimu amri amesalimu Abercorn, sasa hivi ni Mbala Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya, na waliokuwa nyuma yake walikuwa ni hao hao weusi na wake zao na watoto na wachukuzi.

Tukiwa tunaongelea watu wa Dar, mjue pia habari ya Bayume Mohamed Husen. Kazaliwa hapa hapa Dar es Salaam 1904, baba yake askari wa Mjerumani, naye akaingizwa jeshini akiwa bado mtoto. 1929 akafika Berlin kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake, wakamkatalia. Akabaki kule, akawa anafundisha Kiswahili chuo kikuu, mwisho wa siku Wanazi wakamfunga kambi ya Sachsenhausen na akafia humo Novemba 1944. Leo Berlin kuna kijiwe cha shaba kimewekwa chini barabarani nje ya alipokuwa anaishi, kina jina lake. Huyo alipata jina kwa sababu alikwenda kudai mlangoni kwao. Waliofia Mahiwa nani atawadaia.

---

Sajini Mstaafu

Nawasalimu wote. Mimi nimetumikia JWTZ na nimekwenda Kagera. Wadogo zangu nataka niwaambie kitu kimoja kuhusu haya mambo ya majina kwa sababu nimezika wenzangu.

Kule Kaboya, Muleba, wamelala mashujaa wetu wa vita ya 1978 na 1979. Naliendele Mtwara wamelala vijana wetu waliopoteza maisha kwenye harakati za ukombozi wa Msumbiji. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nchi inawakumbuka, na hapa Dar wengi mnaijua ile sherehe ya Mnazi Mmoja, mkuki na ngao, shada la maua, wazee wa dini zote wanaomba. Nikienda Kaboya najua kabisa huyu ni fulani, tulikula naye sahani moja, namsalimia. Mke wake akija anajua asimame wapi. Ndo maana namuelewa huyo mzee wa Matombo kuliko mnavyofikiri. Mtu wa vita asiye na kaburi familia yake haimalizi msiba.

Kwa hiyo mpelekeni. Na mkifika pale mvae kwa heshima, msiketi juu ya mawe, msiruke makaburi, hata kama ni ya waliokuwa watawala. Yule kijana wa miaka ishirini kutoka India au Uingereza au Afrika Kusini naye alitumwa, mama yake naye alisubiri. Novemba kila mwaka mabalozi wanakutana pale kuweka mashada, Wajerumani na Waingereza wanasimama pamoja siku hizi. Mimi ningependa siku moja nione na wajukuu wa wachukuzi wamepewa shada waweke, tena la kwanza.

---

Mama Salma

Samahani nachomekea swali langu. Sisi babu yetu mzaa mama alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) lakini vita ya PILI, tunaambiwa alikufa Bama, yani Burma. Naye hayupo kwenye majina au? Mwalimu nisaidie.

---

Mwalimu Kivule

Mama Salma, wewe una nafasi nzuri zaidi. Vita ya pili Waafrika wengi waliandikwa kwa majina. Askari wa Keya waliokufa Burma wapo kwenye makaburi ya kule, na wasio na kaburi wapo kwenye kumbukumbu ya Rangoon iliyoko Taukkyan. Pia kuna kumbukumbu ya Afrika Mashariki pale makaburi ya vita ya Nairobi, humo wameandikwa na wale wapiga mizinga wetu waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 kwenye Bahari ya Hindi, siku hiyo walikufa watu zaidi ya 1,200 kwa dakika chache.

Ingia kwenye tovuti ya hiyo tume, inajulikana kwa herufi CWGC, kutafuta ni bure. Weka jina la babu, halafu jaribu kuliandika kwa namna tofauti tofauti maana karani aliandika alivyosikia. Hamisi anaweza kuwa Hamis au Khamis, Juma anaweza kuwa Jumaa, na mara nyingi jina la baba ndo limefanywa la ukoo. Ukishindwa, chuja kwa kikosi na mwaka. Ukipata namba yake ya jeshi iandike popote isipotee, hiyo namba ndo inafungua milango mingine yote.

---

Kinondoni Mkongwe

Binti Matombo mlienda? Mwezi umeisha tunasubiri mrejesho.

---

Binti Matombo

Tumeenda jamani, nilikuwa natafuta utulivu ndo niandike.

Tulifika asubuhi na bajaji kama mlivyoshauri. Mtunza bustani tuliyemkuta alimpa mzee shikamoo vizuri, nikamweleza shida yetu, hakucheka wala kushangaa, akasema wanakujaga watu kutoka Ulaya na karatasi zao lakini mzee wa Kiluguru anayemtafuta mchukuzi yeye hajawahi kumpokea. Akatupeleka kwanza kwenye yale mawe. Mzee macho hayaoni sawasawa kwa hiyo alikuwa anainama anapitisha kidole kwenye herufi, ananiuliza huyu nani, namsomea, huyu wa wapi, namsomea. Tukafika kwa kijana mmoja umri umeandikwa ni miaka 19, mzee akasema "mtoto kabisa", akakaa kwenye kigoda chake akanyamaza. Kuna mawe mengine hayana jina, nikamweleza kwamba hata hawa wengine hawakutambulika. Akauliza, "Sasa huyu asiye na jina kapewa jiwe, babu kakosa nini?" Nilikosa jibu, na mpaka sasa hivi sina.

Kisha tukaenda kwenye kaburi la pamoja. Nilimwambia ukweli kama Mwalimu alivyosema, kwamba babu huenda hayupo hapa, huenda alibaki kule kule Rufiji, ila hapa wapo wenzie. Mzee akavua kofia akaweka mkono kwenye ukuta, akaanza kutaja. Nilidhani atataja jina la babu peke yake, kumbe anayo majina ya wanaume wote wa kijiji waliochukuliwa siku ile, baba yake alimkaririsha. Aliyataja yote mmoja mmoja na ukoo wake, na huyu aliacha mke ana mimba, na huyu alikuwa fundi wa kufua vyuma, na huyu ndo yule aliyerudi. Mimi nimeishi na huyu mzee maisha yangu yote sijawahi kujua kwamba ana hiyo orodha kichwani. Nikawasha simu nikamrekodi.

Tukitoka hapo akataka na lile sanamu la Samora. Tulimvusha kwa shida kwenye yale magari ya mzunguko pale, tukasimama namsomea maandishi ya Kiswahili. Yanataja askari wenyeji, yanataja wachukuzi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hapo mzee akatikisa kichwa kwamba ni kweli. Halafu mwisho pameandikwa kwamba mtu akipigania nchi yake hata akifa watoto wake watalikumbuka jina lake. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Sisi tumelikumbuka. Wao wameliandika wapi?" Alisema kwa sauti mpaka wauza magazeti wa pale wakageuka, na ni sauti ambayo sijaizoea kwake.

Usiku nyumbani akaagiza daftari. Tumeandika majina yote, ukoo, kitongoji, na nani aliacha mtoto gani. Sasa Mwalimu nauliza, haya majina nayapeleka wapi? Mzee anataka yafike kwa hao waliosema wanatafuta majina.

---

Mtoto wa Gerezani

Dada nimesoma hii nikiwa kazini nimeshindwa kuendelea na kazi. Nilisema msiende, nashukuru mlienda. Hiyo rekodi ya simu ihamishe leo leo kwenye sehemu nyingine, simu inaibiwa muda wowote.

---

Mwalimu Kivule

Binti Matombo, kwanza mpe mzee shikamoo yangu. Ulichonacho ni kikubwa sana. Wanaotafuta majina wanahangaika na nyaraka za makarani, wewe umepata orodha ya kijiji kizima kutoka kinywani mwa mtu, na ina koo na vitongoji.

Fanya hivi. Kabla ya kutuma popote iandike vizuri: nani anasimulia, alisimuliwa na nani, kijiji gani, walichukuliwa baada ya nini. Tarehe kamili kama hamna msibuni, andika ilikuwa baada ya Mwingereza kuingia Morogoro, na hiyo ilikuwa Agosti 1916, inatosha kabisa. Halafu nenda parokiani kwenu. Misheni ya Matombo ni ya tangu enzi za Mjerumani, omba paroko akuruhusu kuangalia vitabu vya zamani vya ubatizo na ndoa, kama kati ya hao wanaume kuna waliobatizwa au watoto wao walibatizwa, utapata majina yameandikwa na tarehe, na hapo simulizi ya mzee inakuwa na ushahidi wa karatasi pembeni. Ukishapata, nakala moja peleka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, nyingine Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaban Robert, na nyingine itume kwa tume kupitia tovuti yao, wana sehemu ya kuwasiliana. Ya nne ibaki kwenye familia. Omba wakuandikie kwamba wameipokea.

---

Binti Matombo

Asante Mwalimu. Paroko wetu namfahamu, nimeshamtumia ujumbe amesema vitabu vya zamani vipo kabatini na wiki hii hii nipande basi. Mzee kliniki wamempa dawa ya matone, anarudi na mimi Matombo, kasema na yeye anaingia humo ofisini kwa paroko akae pembeni wakati vinafunguliwa.

---

Sajini Mstaafu

Binti, ukipata majina hayo naomba unitumie na mimi nakala. Novemba nitakuwa pale makaburini mapema na nitaomba yasomwe.